Mtoa Habari Wangu ni Baba Mkwe

Siku hizi nasoma kitabu kuanzia mbele. Nyie vijana mtaona hilo si jambo la kumwambia mtu, lakini kwa mie niliyekula mshahara wa kufundisha marejeo, ni kama kuachiwa kutoka rumande. Kwa miaka mingi kila kazi ya mwanafunzi iliyonifikia niliigeuza na kuanzia ukurasa wa mwisho, pale anapoorodhesha vitabu alivyosoma na watu waliompa habari. Tabia hiyo ikanifuata mpaka nyumbani Kimara. Siku moja mke wangu alinikuta nimeshika kadi ya mwaliko wa harusi, naichunguza upande wa nyuma.

"Unatafuta nini huko?"

"Natafuta mchapishaji," nikamjibu, na wala sikuwa natania.

Nilistaafu kwa hiari mara tu umri uliponiruhusu. Sikulia. Wenzangu walinifanyia kasherehe, wakanipa saa ya ukutani na hotuba ndefu, na aliyetoa hotuba alinukuu methali mbili bila kusema kazitoa wapi. Nikamwacha. Ndipo nilipojua nimestaafu kweli.

Wanafunzi wa chuo chetu kule Temeke waliniita Mwalimu Nukta. Walidhani silijui jina hilo. Nilianza kazi nikiamini kwamba kazi yangu ni nukta: jina la mwandishi, mkato, mwaka, nukta, jina la kitabu kwa herufi za mlazo, nukta tena. Ningekuwa mkweli kwenye maombi ya kazi ningeandika kwamba nimesomea kuhesabu vumbi. Aliyenitoa huko ni mkutubi wetu, Bi Zuhura, mama wa Kitemeke asiyeinua sauti hata akigombana. Alinikuta siku moja namfokea mwanafunzi kwa sababu ya mkato, akaningoja nimalize, akaniuliza, "Mwanangu, mtu akitaka kuja kwako Kimara unamwelekezaje?"

Nikamwambia. Ushuke kituo fulani, uvuke barabara, upande kilima, ukiona duka la vifaa vya ujenzi lenye geti la bluu ukate kushoto, uulize kwa Mwalimu.

"Umemwelekeza hivyo kwa nini?"

"Ili afike."

"Basi wafundishe hivyo. Hakuna mtu anayependa mkato, Mwalimu. Watu wanapenda kufika."

Tangu hapo nilianza kila muhula kwa kuwaambia wanafunzi waandike namna ya kufika kwao, halafu wabadilishane karatasi. Mmoja aliandika "Mbagala, ukifika nipigie." Nikawaambia huyu ndiye yule anayeandika "chanzo: mtandao." Walicheka, ila hawakusahau.

Msidhani lakini kwamba waliyameza tu masharti yangu. Lipo hili la majina. Kanuni inasema anza na jina la mwisho la mwandishi, kisha herufi ya kwanza ya jina lake. Kanuni hiyo ilitungwa na watu wenye majina ya ukoo. Sie wengi wetu tunatembea na jina letu, la baba na la babu. Siku nilipolieleza hilo darasani, binti mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kitabu hiki kaandika Rehema. Wewe unasema niandike Hamisi. Hamisi si ni babu yake?"

"Ndiyo."

"Na kama babu hakujua kusoma?"

"Andika hivyo hivyo."

Akageukia wenzake. "Jamani, tuandikeni vitabu. Wazee wetu watakuwa wasomi."

Mpaka leo jibu langu ni la kuungaunga tu: hata kama kanuni haimtendei haki Rehema, sote tukiifuata, anayemtafuta atajua afungue droo ipi.

Alikuwepo pia kijana mmoja kutoka Songea, mpole, wa shikamoo mpaka kwa walinzi. Kazi yake ilikuwa nzuri, ila marejeo hayakufuata alfabeti wala mwaka. Nikayageuza huku na huku nisielewe. Nikamwita.

"Umepanga kwa kigezo gani hapa?"

"Kwa heshima, Mwalimu."

Nikatazama upya. Juu kabisa alikaa profesa mstaafu. Wakafuata madaktari wa falsafa, wakubwa kwa wadogo, kisha marehemu mmoja aliyeandikiwa kabisa "Marehemu" mbele ya jina, na mwisho kabisa kijana mwenye blogu.

"Lakini huyu wa blogu jina lake linaanza na A. Anatangulia."

"Atakaaje meza kuu, Mwalimu, na profesa yuko nyuma?"

Na chini ya orodha nzima alikuwa ameandika: *Na wengine wote ambao sikuweza kuwataja, itifaki imezingatiwa.*

Nilimpa alama za kutosha. Mngemnyima nyie?

Haya, niwape basi mambo machache yanayofaa, msije mkasema Mwalimu Nukta kaishia kwenye vichekesho. Ukifungua kitabu, kabla hujasoma hata sentensi moja, piga picha ukurasa wa jina na ule wa nyuma yake wenye mwaka na mchapishaji. Usiseme nitarudi, kitabu ulichoazima kwa rafiki hurudi kwa rafiki, na rafiki huhama. Faili ulilotumiwa kwenye kundi la simu, halina jalada, limeanzia ukurasa wa kumi na tatu, lipokee kama mgeni: mkaribishe, mpe kiti, ila muulize kwao wapi kabla hujamkabidhi nyumba. Steshenari wakikuchapia kazi, marejeo yasome mwenyewe neno kwa neno, kwani dada wa steshenari ana haraka na anayo kazi ya mwenzako kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Na hii akili mnemba yenu, iombeni ushauri mkitaka, lakini kitabu iliyowatajia kitafuteni mkishike. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikuta kwenye marejeo ya mwanafunzi kitabu kizito, kina kichwa cha kupendeza, na mwandishi wake ni mimi. Sijawahi kuandika kitabu. Nawaambieni ukweli, nilifurahi kidogo kabla ya kukasirika. Nilitaka hata kujua kilipata mhakiki gani.

Lakini niliyetaka kuwasimulia hasa ni Sekela.

Sekela alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Rungwe, ameolewa huku Dar. Mwajiri wake alimpa ruhusa ya kusoma, na ruhusa ilikuwa inafika mwisho. Asingefaulu utetezi wa utafiti wake mbele ya jopo mwaka ule, angerudi darasani bila cheti, na ruhusa nyingine asingeipata kirahisi. Utafiti wenyewe uliwafanya wenzake waone wivu: alichunguza maneno ambayo mafundi seremala wa Keko hutumia kuwafundisha wanagenzi wao. Fundi hasemi "pima sentimita kadhaa." Anasema mguu wa kiti ukae kama mtu anayesubiri kuitwa. Anasema droo iingie kama mtu aliyekosa, polepole. Alikusanya mengi ya namna hiyo, na mengi yalitoka kwa fundi mmoja mkongwe mwenye karakana uani kwake.

Nikageuza ukurasa wa mwisho, kama kawaida yangu. Kwenye orodha ya watoa habari, wa kwanza ameandikwa: *Baba Mkwe. Mahojiano. Keko.*

Nikaandika kwa wino mwekundu: *Jina?*

Rasimu ya pili ikaja: *Baba Mkwe.* Nikaandika: *JINA!* Ya tatu ikaja vilevile, nikamwita ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sekela, huyu baba mkwe hana jina?"

"Analo."

"Anaitwa nani?"

Akanitazama kama nimemwomba avue viatu vya mtu mwingine. "Siwezi, Mwalimu. Ni baba wa mume wangu."

Akanieleza. Kwao mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Hakai naye uso kwa uso. Wengi mjini wameacha, alisema, lakini alikoolewa wanaishika desturi hiyo, na yeye ameiheshimu tangu siku aliyoingia. Mwanawe wa kwanza amepewa jina la huyo babu, kwa hiyo mama mtu humwita "Babu" tu. Siku ya kumwandikisha mtoto shule ilibidi baba yake aombe ruhusa kazini aende yeye, maana mwalimu mkuu angemuuliza mama, "Mtoto anaitwa nani?"

"Sawa, kutamka huwezi. Kuandika je?"

"Kuandika si kutamka kwa mkono, Mwalimu?"

"Mwambie dada wa steshenari akuandikie."

"Nitamwambia aandike nini?"

Nikachukua mwongozo wa chuo. Mwongozo ule unajua kila kitu. Unajua kitabu chenye waandishi saba, unajua kipeperushi kisicho na mwaka, unajua hotuba iliyotolewa mahali pasipojulikana. Kuhusu mkwe, haukuwa na neno. Mwishowe tukakubaliana hivi: mumewe, Gwamaka, aliyekuwa nesi huko Iringa, atamtumia dada wa steshenari jina kwa ujumbe wa simu, na dada atalipachika mahali pake. Ikafanyika. Kazi ikaletwa, jina limekaa sawasawa, mkato, nukta. Niliridhika sana na akili yangu. Nikasahau kwamba utetezi hufanywa kwa mdomo.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa Dakta Shayo, mama mkali lakini si mwonevu, na mwaka ule alikuwa na sababu ya ukali. Muhula uliotangulia, kijana mmoja alileta utafiti wenye watoa habari kumi na mmoja, Dakta Shayo akawasoma, akawasoma tena, akasema, "Huyu wa kwanza ni golikipa." Yule kijana alikuwa ameorodhesha timu ya mtaani kwao Yombo, na golikipa alikuwa mpwa wa Dakta. Tangu siku hiyo kila mtahiniwa aliulizwa watoa habari wake kwa jina, papo hapo, bila kutazama karatasi.

Sekela alieleza utafiti wake vizuri mpaka mjumbe mmoja, aliyekuwa anasinzia, akaamka. Dakta Shayo akatabasamu. Kisha akafunga ile kazi, akaweka kiganja juu yake.

"Vizuri sana. Huyu fundi aliyekupa sehemu kubwa ya haya, anaitwa nani?"

Sekela akaisogeza kalamu yake mezani.

"Mtoa habari wako mkuu, mama. Jina tu."

Sekela akatazama meza. Nikaona midomo yake imebanwa kama ya mtu aliyeshika pini mdomoni. Mie nilikuwa mjumbe wa jopo, mkaguzi wa marejeo, nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, ni baba mkwe wake. Kwao hamtaji."

"Mwalimu, nakuheshimu. Juzi yule wa Yombo naye aliniambia kwao golikipa hajulikani kwa jina." Wajumbe wakacheka. "Mtu ametumia mwaka mzima kumhoji mzee na hawezi kusema anaitwa nani? Mie nimwandike amefaulu, kesho mwingine aje na Baba Mkubwa, Mjomba, Shemeji. Tutakuwa tunasahihisha ukoo, siyo utafiti."

Ubaya wa hoja ile ni kwamba ilikuwa hoja yangu. Mie ndiye niliyeisema darasani miaka yote: chanzo ambacho msomaji hawezi kukifikia si chanzo. Nikamkumbuka Bi Zuhura na lile swali lake la Kimara.

"Basi tufike," nikasema. "Namba ya simu iko kwenye viambatisho. Mpigie."

Dakta Shayo akanitazama, akatazama namba, akapiga. Akaweka simu mezani katikati, sauti wazi.

Iliita sana. Halafu zikaja kelele za randa na nyundo, na sauti nzito: "Haloo! Nani mwenzangu? Nyie, punguzeni hapo, sisikii!"

Hapo ndipo Sekela alipoinuka. Hakuambiwa na mtu. Alivuta mtandio wake ukafunika kichwa, akageuza kiti, akakaa kuelekea ukutani, mgongo kwa meza. Simu imelala pale kama sahani, hakuna mzee wala macho ya mzee, na yeye ameipa adabu yake yote. Mjumbe aliyecheka mwanzo akaacha kucheka.

"Shikamoo mzee," akasema Dakta Shayo, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Napiga kutoka chuo. Samahani, naongea na nani?"

Mzee akataja jina lake, yote matatu, kwa utulivu wa mtu aliyewahi kulitaja mbele ya mahakimu na mapadri. Nikafuata kwa kidole kwenye karatasi. Lilikuwa lenyewe.

"Unamfahamu Sekela?"

"Huyo ni mke wa mwanangu. Nami simwiti hivyo. Sie hatutajani."

Nikashusha pumzi. Nilishusha mapema.

"Vizuri, mzee. Basi hapa tuna utafiti wake. Ni yeye aliyekuhoji?"

"Kunihoji? Hapana, hakunihoji. Mimi na yeye hatuongei."

Dakta Shayo akachukua kalamu. Mgongo wa Sekela haukutikisika, ila mikono ilikuwa imeshika kiti pande zote mbili. Na mie, Mwalimu Nukta, niliyekagua kazi ile mara nne, nikagundua kwamba sikuwahi kumuuliza jambo moja dogo: ikiwa hamzungumzi, mlihojianaje?

Ndipo ikaja sauti nyingine, ya mama, kutoka mbali kidogo na simu, ikasogea huku inakua.

"Wanasemaje? Nani hakuhoji? Lete hapa! Haloo! Wewe mama wa chuo, niliyemhoji ni miye!"

"Shikamoo mama," akasema Dakta Shayo, amepigwa na butwaa.

"Marahaba. Mwanangu huyo alikuwa ndani chumbani na kalamu yake. Miye nimekaa kizingitini. Ananiambia, mama, muulize baba, mwanagenzi akiharibu ubao humwambia nini? Namuuliza. Mzee anajibu, anajibu kwa sauti, yeye huko ndani anasikia, anaandika. Nikisahau swali ananikumbusha. Maharage yangu yameungua juu ya jiko kwa kazi hiyo, wiki nzima tunakula moshi. Halafu nasikia kwenye hicho kitabu chenu nimeachwa! Mzee yumo, miye simo?"

Kwa nyuma mzee akasikika, "Acha kelele, mke wangu, watu wako kazini."

"Nami nilikuwa kazini!"

Tulicheka sote, na Dakta Shayo alicheka zaidi yetu, akajifuta macho kwa kitambaa. Akamwomba mama radhi, akawaaga wote wawili, akazima simu. Kisha akasema kwa upole, "Sekela, geuka mwanangu."

Sekela akageuka. Uso ulikuwa umelowa.

"Jina la baba huwezi kulitaja, nimeona kwa macho. La mama je?"

"La mama sikatazwi."

"Basi nijibu. Habari hizi za Keko, nani alikuulizia?"

Sekela akasimama. Sijui kwa nini alisimama; hakuna aliyemwambia.

"Atupele Mwasota," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaosubiri zamu nje. Tangu asubuhi ile alikuwa hajataja jina la mtu, na alilitaja hilo kama aliyetua ndoo ya maji kichwani.

"Umefaulu," akasema Dakta Shayo. "Rekebisho ni moja: mama yako aingie kwenye orodha. Na pale mbele ueleze mlivyokaa, kizingiti na yote." Halafu akanigeukia. "Mwalimu, mtu wa namna hii anaandikwaje?"

Wajumbe wote wakanitazama. Mwongozo ulikuwa mbele yangu, nami nilijua haumo. Nikaufunga. Nikachukua karatasi nikaandika, kwa wino wa bluu safari hii: jina la mzee, mahojiano ya ana kwa ana, Keko, mhoji, Atupele Mwasota, kwa maswali ya mtafiti. Halafu nukta. Dakta Shayo akasoma, akasema panafikika. Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo kazini.

Sekela alihitimu, akarudi kufundisha kabla ruhusa haijaisha. Nakala ya utafiti iko maktaba ya chuo. Jina la baba mkwe wake mtalikuta ukurasa wa mwisho, mahali pake, kwa utaratibu wote niliowafundisha. Hapa sikuliandika, na nyie mlionifahamu kazini mtashangaa kuona nimeacha pengo. Sababu ni kwamba Sekela husoma ninachoandika, na huwa anamsomea mwanawe, Babu, kwa sauti.